Tatizo Ni Mwanga

Wewe mwenye binti wa kuoza, au uliyekwisha kuoza na bado unajipa moyo, kaa hapa nikwambie. Mkwe mlevi utamjua kwa harufu, na mvivu utamjua kwa godoro lake. Lakini yuko mkwe mwingine ambaye hanywi, halali mchana, anasalimia kwa heshima na kukupokea kikapu ukitoka sokoni, mpaka mtaa mzima wanakupongeza. Huyo ndiye wa kuogopa. Ana ugonjwa mmoja tu: hajawahi kukosea maishani mwake. Mimi nimepewa mmoja wa hao, na ninaandika haya ili umkwepe wa kwako mapema.

Wangu ni fundi umeme. Mtaani wanamwita Fundi Swichi, na jina hilo analipenda mpaka amelichora mgongoni mwa koti lake la kazi. Kufunga taa anajua, sitamsingizia. Shida ni kwamba tangu ajue taa, anaona amejua na kila kitu kinachokaa chini ya taa. Ukiumwa jicho, atakwambia balbu yako haina nguvu. Unga ukiingia wadudu, balbu. Watu wakigombana chumbani kwao, eti waliweka balbu ya rangi isiyofaa. Na anayasema hayo kwa sauti ya chini, ya upole, kama daktari anayekuandaa kwa habari mbaya.

Aliyeolewa naye ni kitinda mimba wangu, na wote tunaishi ua mmoja, mimi chumba changu na wao vyumba vyao. Huyu Kitinda hajawahi kuwa na kitu chake. Kwangu alivaa nguo zilizowatoka dada zake, na kwa mumewe amevaa mawazo ya mumewe. Kitu pekee alichokitaka mwenyewe kwa mdomo wake ni kipande cha bustani nyuma ya zahanati. Kule kuna uzio mzuri na bomba la maji, na Sista Mkuu anayeiongoza zahanati huwaazima wanawake vipande walime mboga. Kitinda aliandikisha jina na kusubiri mpaka nikadhani wamemsahau. Siku alipoitwa alirudi mbio, viatu mkononi.

Masharti yalikuwa mepesi. Kipande kiwe kimepandwa kabla mvua kubwa hazijaanza. Kikikutwa kitupu, kinakwenda kwa anayefuata. Na anayefuata alikuwa mwanamke muuza mitumba wa pale kona, ambaye kila akipita alisimama kwenye uzio na kuchungulia kile kipande kama mtu anayechungulia sufuria la jirani.

Basi Kitinda akasia mbegu za nyanya na pilipili hoho kwenye paketi za maziwa zilizokatwa, akazipanga kwenye sinia za mbao. Akaamua miche ianze kukua ndani, maana kuku wa ua wetu wakiona udongo mbichi wanasahau hata mayai yao. Mpaka hapo hakuna aliyekosea. Alitaka kuziweka dirishani, sebuleni, pale jua la asubuhi linapoingia na kukaa. Alikwisha sogeza hata meza.

"Dirisha?" akasema Fundi Swichi. "Mke wangu, dirisha ni la watu wasio na umeme."

Akazibeba zote akazitia stoo, chumba kisicho na dirisha anakoweka mizunguko ya nyaya. Akafunga balbu moja darini, juu kabisa, akaiwasha, akafunga mlango. "Jua linazama," akatuambia. "Balbu haizami."

"Na mche haulali?" nikamuuliza.

"Mama, mche hauna macho."

Mbegu zikaota. Nilitamani zisiote, angalau tungejua mapema. Ziliota zikaanza kukimbia kwenda juu, na Fundi akaanza kuvimba kichwa. Siku moja akaniita, mlango wa stoo ukiwa wazi nusu.

"Mama, njoo uone kazi."

Nikaingia. Miche ilikuwa imesimama kama nyuzi za kushonea, myeupe chini, na juu kabisa vijani viwili viwili vyenye rangi ya maji ya mchele. Yote imenyoosha shingo kuelekea darini. Mmoja ulipoguswa na upepo wa mlango uliinama na haukujisumbua kuinuka. Fundi akatoa tepu yake mfukoni, akapima mmoja mmoja huku akicheka peke yake.

"Umeona urefu huo? Ya watu wengine umri huu haijafika hata nusu."

"Nimeuona. Imefanana na wewe. Mirefu, haina kiuno."

"Mama kwa utani!"

"Sitanii, mwanangu. Umewahi kuona mtu aliyeshiba akinyoosha shingo namna hiyo? Hii inatafuta mwanga."

"Mwanga si huo hapo juu?"

"Huo ni mwanga wa kutafutia kandambili."

Akacheka sana, akanipigapiga bega kama ndiye aliyenizaa. Kitinda alikuwa amesimama nyuma yake. Alijua. Mtu yeyote aliyewahi kuotesha hata kitunguu kwenye kopo angejua. Akasema polepole, "Mume wangu, basi tuishushe hiyo taa ikaribie. Au turudishe sinia dirishani."

"Taa ikishuka itaunguza majani."

Hapo alisema kweli, ile balbu yake ilikuwa ya moto kama pasi. Lakini mtu mwenye akili zake akiona taa haiwezi kushuka, si anaihamisha miche? Huyu hakuhamisha kitu. Alikwenda kuwaambia watu wa kijiweni kwamba nyanya za mkewe zimeipita miche ya bwana shamba.

Sasa nikueleze habari ya neno, maana ndilo lililotupeleka pabaya. Stoo yetu imepakana na saluni ya msusi, na ule ukuta wa kati haukufika juu. Kwa hiyo mwanga wa balbu ulimwagikia kwa msusi mchana na usiku, na maneno ya Fundi vilevile. Siku hiyo kulikuwa na wateja wamejaa, mmoja kichwa kimesukwa nusu, akapaza sauti: "Nyie huko kwa fundi, kuna nini kisicholala?"

Fundi, akiwa kwenye ngazi, akajibu kwa fahari: "Kuna mwanga! Mwanga wa nguvu, wa usiku na mchana!"

Saluni ikaangua kicheko. "Na wa mchana pia? Huyo hachoki?"

"Bila mwanga, kwangu hapa hakuna kinachostawi!"

Wakacheka mpaka msusi akaangusha kitana. Unajua lugha yetu. Neno hilo moja lina kazi mbili: kuna mwanga wa taa, na kuna mwanga, yaani mchawi, anayewanga watu wakilala. Fundi alisema la taa, wao wakalipokea la pili kwa mzaha. Wateja walipomalizwa kusukwa walitoka na mzaha wao vichwani. Njiani kicheko kikadondoka, likabaki neno tupu. Kwa fundi kuna mwanga. Kasema mwenyewe.

Na nani huyo mwanga? Fundi ni kijana wa watu, anafungia watu taa. Mkewe hata nzi humwomba radhi. Aliyebaki ni nani pale uani, mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, anayesimama mlangoni pa stoo akitikisa kichwa? Nikaanza kuona ndoo zikisogezwa nikifika bombani. Nikamshika shavu mtoto wa jirani, mama yake akamvuta kama nimeshika kaa la moto. Mimi wasiwasi nimezaliwa nao, haukuhitaji mbolea. Chakula kilinishinda.

Nikamweleza mkwe wangu. Alicheka mpaka akakalia mzunguko wa nyaya.

"Wewe mwanga, mama? Ungekuwa mwanga si ningekufunga darini tupunguze bili!"

Hivyo ndivyo alivyonitetea.

Mawingu yakaanza kujikusanya jioni jioni, na Sista Mkuu akatangaza siku ya kukagua vipande. Kitinda akamwomba mumewe kwa mara nyingine, nikimsikia kwa masikio yangu. Alisema miche haijawahi kuona jua, itolewe nje kidogo kidogo kwanza, ikae chini ya upenu asubuhi, ikizoea iongezewe, ndipo ikapandwe.

"Mche si mgonjwa anayefundishwa kutembea," akasema Fundi. "Nyanya na jua ni ndugu. Wakikutana watatambuana."

Asubuhi ya ukaguzi akaazima toroli. Akalijaza sinia, zilizobaki akaziacha stoo azifuate baadaye, akasukuma huku akisalimia kila mlango. Alitaka aonwe. Kule bustanini alichimba mashimo kwa mstari ulionyooka kama waya wa ukutani, akapanda kila mche umesimama na urefu wake wote nje. Kitinda alimfuata kwa magoti akishindilia udongo. Mimi nilikaa kando ya uzio nikiangalia juu. Hakukuwa na wingu hata la kufutia uso. Lilikuwa jua jeupe, lile la kukausha dagaa.

"Mwagia maji, Kitinda," nikasema.

"Nimemwaga, mama."

"Ongeza."

"Mama, si kiu hiyo."

Sista Mkuu alipofika baada ya adhuhuri akifuatana na wanawake wa bustani, ile miche ilikuwa imelala yote. Ilijimwaga juu ya udongo kama tambi zilizomwagika. Vijani vyake viligeuka vyeupe, vikakakamaa, ungevishika ungesikia vinavunjika kama karatasi. Muuza mitumba alikuwa nyuma ya Sista, na jembe amekuja nalo begani. Mtu gani anakuja kwenye ukaguzi wa mwenzake na jembe?

"Kulikoni hapa?" akauliza Sista.

Nikamtazama mkwe wangu. Nilidhani atasema, jamani, tumeharakisha. Maneno mawili tu. Yeye akafuta jasho, akashusha ile sauti yake ya daktari.

"Sista, mimi nilisema tangu mwanzo. Tatizo ni mwanga."

Akaishia hapo. Macho yake yakateleza upande wangu, kidogo tu, kama mtu anayemsukumia mwenzake sahani chafu chini ya meza. Halafu akatazama viatu vyake.

Wanawake walirudi nyuma hatua kama wamepigiwa filimbi. Mmoja akasema, "Si tulisikia?" Mwingine akaguna. Mimi nikashika waya wa uzio. Nilitaka kusema kitu, lakini mwanga anajiteteaje? Kila neno lako ni ushahidi.

Sista Mkuu akashusha pumzi. "Mimi na mambo hayo hatujuani," akasema. "Lakini bustani hii naiongoza mimi, na sitaki kipande ambacho wengine wanaogopa kukipita. Tena hiki hakijapandwa, hiki kimezikwa." Akageuka kwa muuza mitumba. "Njoo wewe."

Muuza mitumba akashusha jembe.

"Mume wangu," akasema Kitinda. Alikuwa bado kapiga magoti, tope mpaka viwikoni. Akainuka. "Malizia."

"Nimalizie nini?"

"Sentensi yako. Umesema tatizo ni mwanga. Mwanga umefanya nini, au mwanga amefanya nini?"

Hata muuza mitumba alisimama na jembe lake nusu ya njia. Herufi moja tu ndiyo iliyokuwa inatafutwa pale. Akisema *a*, ni mimi, na kipande kimekwenda, na mimi ningehama mtaa ule nimejifunika uso. Akisema *u*, ni balbu yake.

"Si mnaelewa tu," akasema Fundi.

"Hatuelewi."

"Nilimaanisha, mwanga wa..."

"*Wa* haisaidii. *Wa* ni ya wote wawili."

"Kitinda, mbele za watu!"

"Mbele za watu hawahawa umemtazama mama yangu. Malizia."

"Mwanga ndio..." akaanza, halafu akang'amua kwamba *ndio* ni ya taa, ya mtu ni *ndiye*, akalimeza haraka. "Yaani, mwanga ni..."

"*Ni* nayo inakwepa," akasema muuza mitumba. Naye alikwisha nogewa na mchezo.

Sista akakunja mikono kifuani. "Fundi, malizia. Nina wagonjwa kwenye foleni."

Nitakwambia nilichokiona usoni mwake, wewe mwenye binti. Niliona mtu anapima. Alinitazama mimi, ambaye hunipokea vikapu nikitoka sokoni, akaitazama ile miche, na alikuwa anapima kipi kitamuuma zaidi. Alipima kwa muda mrefu mno. Sitausahau muda ule hata akininunulia nyumba.

"U..." akasema.

"Sauti," akasema Kitinda.

"Ulikuwa hautoshi. Mwanga ulikuwa hautoshi."

"Mwanga upi?" akauliza Sista.

"Wa stoo. Wa ile balbu yangu." Akaongeza kwa haraka, "Na jua limekuwa kali ghafla," lakini hilo hakuna aliyelisikia, maana kicheko kilikwisha lipuka. Walicheka walewale walioruka nyuma. Mmoja akanishika bega, "Pole, mama yetu, watu wana maneno!" kwa mkono uleule aliokuwa akifichia ndoo. Nikamwambia asante. Ningemwambia nini? Watu wa hivyo huwezi kuwachukia, utachoka.

"Kuna miche mingine?" Sista akamuuliza Kitinda, si mumewe.

"Iko stoo. Ni myembamba vilevile. Lakini haijatoka nje, bado hai. Nipe mpaka mawingu yafunge, Sista. Nitaizoesha."

Sista akafikiri. Akasema sharti ni sharti, mwenye kungoja naye ana haki yake. Akachora mstari katikati ya kipande kwa kisigino cha kiatu. Upande wa bomba ukaenda kwa muuza mitumba. Upande wa uzio ukabaki kwa Kitinda. Nusu ya kitu alichokingoja tangu aolewe ilikwenda hivyo hivyo, kwa kisigino, mbele ya macho yetu.

Jioni ileile Kitinda akatoa sinia stoo bila kumwuliza mtu, akaziweka dirishani. Fundi akapita, akakohoa, akaenda kuoga. Miche ilipopata rangi kidogo ndipo akaanza kuitoa chini ya upenu, kivulini, asubuhi tu, kuku akiwafukuza kwa mwiko. Kisha akaiongezea muda. Kisha akaipeleka juani chini ya chandarua kuukuu kilichokunjwa mara mbili, baadaye kikiwa kimekunjuliwa, mpaka siku moja akakiondoa kabisa na haikulala. Upepo ukivuma sana aliirudisha ndani. Pilipili nyingi zilimvunjikia mkononi, hazikuwa na la kushikilia. Nyanya zilinenepa shina, zikawa za kijani cha kweli, zile nywele zake ndogo zikatoka, ukizipitishia mkono unanusa nyanya.

Siku ya kupanda hakuzisimamisha. Alichimba vifereji, akaulaza kila mche ubavu na kuufukia, akaacha kichwa tu kikichungulia. Shina la nyanya likifukiwa linatoa mizizi, kwa hiyo ule urefu wote wa upuuzi ukapata kazi chini ya udongo. Mvua ikaja ikakikuta kipande kimepandwa. Nusu, lakini kimepandwa.

Nilikwenda kuangalia mvua ilipopumzika. Vile vichwa vilikuwa vimeinuka. Na nani nimkute pale, amesimama mikono kiunoni? Fundi Swichi, anamweleza muuza mitumba aliyekuwa akipalilia upande wake.

"Unaona tulivyoilaza? Hiyo ni mbinu, dada. Wengi hawaijui. Wewe miche yako unaiwekea mwanga wa namna gani?"

Muuza mitumba hakuinua kichwa. "Nitamwuliza mkeo," akasema.

Kitinda, aliyekuwa ameinama upande wa uzio, akainuka, akampa mumewe ndoo, akamwonyesha bomba. Akaenda. Njiani nikamsikia anamwambia mtu mwingine tena ile habari ya mbinu.

Basi wazazi wenzangu, akija kijana nyumbani kwako kuulizia binti, amevaa vizuri na anaongea vizuri, usihangaike na kazi yake wala viatu vyake. Tafuta swali ambalo jibu lake ni "nimekosea" tu, umwulize, halafu ukae umsikilize. Yakitoka maneno yote duniani isipokuwa hilo, mkaribishe anywe chai, na umwambie kwa upole kwamba binti bado anasoma.